Mtoto wa kaka anataka kufuta Windows zote dukani kwangu

Kaka mshauri,

Habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunalamineti, tunabaindi, na siku hizi kazi kubwa ni kuwajazia watu maombi mtandaoni: ajira, mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa. Mashine ziko tatu. Mbili ni laptopu za HP EliteBook 840 G3 nilizozinunua zikiwa zimeshatumika. Ya tatu ni kompyuta ya mezani, ya zamani zaidi, ambayo kijana wangu wa picha anaifanyia Photoshop. Zote zina Windows 10.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuja likizo akashinda nami dukani siku mbili. Siku ya pili akaniambia, "Shangazi, hizi mashine zimeshaachwa. Windows 10 haihudumiwi tena, na Windows 11 hazipokei." Anataka aje Jumamosi moja afute zote tatu, aweke Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Anasema ni ya bure, haina virusi, na laptopu zitakuwa nyepesi kama mpya.

Dada wa kaunta nilipomweleza akanuna. Yuko nami mwaka wa sita, anachapa bila kuangalia kibodi. Akasema, "Bosi, nikifungua nikakuta kitu sikijui, na foleni imefika nje, nani atamwambia mteja asubiri?" Fundi wangu naye anasema huyo kijana anatafuta pa kufanyia mazoezi. Yeye atanipigia Windows 11 kwa njia zake, shilingi 30,000 kila mashine, mambo yaishe. Mume wangu anasema kitu kinachofanya kazi kisiguswe.

Kuna jingine, sijui kama linahusiana. Kwenye kona ya chini ya kioo huwa yanatokea maandishi yaliyofifia yanayodai niaktiveti Windows. Fundi anakuja anayatoa, baada ya miezi michache yanarudi. Na wateja wanalalamika kwamba wakichomeka flashi kwetu, wakifika nyumbani wanakuta folda zimegeuka shotikati, hazifunguki. Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa chuo alikaa kwenye benchi la nje analia, ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo. Hela ya kuprinti nilimrudishia, lakini aibu mpaka leo ninayo.

Nihame au nibaki?

Mama Steshenari, Morogoro

*

Dada yangu,

Hilo uliloliweka mwisho, ukasema hujui kama linahusiana, mimi ningeanza nalo.

Maandishi ya kona maana yake Windows haioni leseni. Fundi anayeyatoa kwa dakika tano karibu kila mara anatumia craki, kiprogramu cha kuidanganya Windows ione imelipiwa. Craki nyingi hazikubali kukaa mpaka antivirusi izimwe kwanza. Kwa hiyo fundi anamtoa mlinzi getini, anamwingiza mgeni ambaye hata yeye hajui katoka wapi, anachukua hela yake anaondoka. Mlinzi mara nyingi harudishwi. Baada ya hapo zinakuja flashi za wateja, na steshenari inapokea flashi nyingi kwa siku kuliko ofisi yoyote mjini. Virusi vya shotikati ni vya zamani, na antivirusi inayokuja ndani ya Windows 10 ingevikamata vingi kama ingekuwa macho. Kwa hiyo yule binti hakuponzwa na umri wa Windows yako. Ukimpa fundi huyo 90,000 akakuwekea Windows 11 kwa njia zake zilezile, benchi la nje litapata mtu mwingine wa kulia.

Kuhusu kijana, kwa tarehe yuko sahihi. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mumeo naye hajakosea kwamba mashine haikuzima siku hiyo. Inawaka, inaprinti, inafanya kila kitu. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu ya usalama. Wahalifu wanaendelea kuyatafuta, na likipatikana jipya hakuna anayekuja kulishona. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta nchi nyingi, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Wewe sasa hivi, kama mambo yalivyo, hata ukitaka kuweka, kiraka hakiji.

Kuhusu Windows 11 pia kasema kweli. Fungua mipangilio ya laptopu, sehemu inayoeleza mashine yenyewe, usome jina la prosesa. Kwenye 840 G3 utakuta kitu kama i5-6300U. Ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Fundi anaweza kuilazimisha, hilo halina ubishi, mafundi wengi wanafanya. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa, na kila toleo kubwa la mwaka likitoka ni kulazimisha upya. Wewe utamwita, yeye atasema 30,000.

Lakini yapo mawili ambayo kijana hakukwambia, labda kwa haraka ya ujana.

La kwanza ni kwamba Microsoft waliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipia dola 30, au ukapata bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni kwao. Sharti Windows iwe toleo la 22H2, na iwe halali.

La pili linahusu huo uhalali. Laptopu za kazi kama hizo EliteBook kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, sio kwenye diski. Kinachotokea mara nyingi, fundi ana flashi moja yenye Windows ya aina nyingine, ya makampuni, ndiyo anayompigia kila mtu. Ufunguo wa Pro hauifungui aina hiyo, ndipo yanapotokea maandishi, ndipo inapokuja craki. Mtu akipiga upya Windows 10 Pro safi, iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe, laptopu ikaunganishwa na intaneti, aghalabu inajitambua bila kuulizwa chochote. Inawezekana kabisa umekuwa ukimlipa mtu akuibie kitu ambacho ni chako.

Sasa hiyo Linux Mint. Sina ugomvi nayo, ndiyo ninayoandikia barua hii. Imejengwa juu ya mfumo mwenzake uitwao Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili halimsumbui, ni ndugu wa utu. Toleo la 22 la Mint linahudumiwa hadi 2029. RAM ya GB 4 inaitosha. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, madirisha yanafungwa kwa alama ya X. Mtu aliyezoea Windows hapotei. Kijana anaposema haina virusi anazidisha chumvi kidogo, ila kwa duka lako kuzidisha huko hakudhuru. Virusi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Mint haviwezi hata kuamka. Flashi ya mteja iliyokuja na ugonjwa itaondoka nao, lakini ya mteja anayefuata haitaambukizwa mezani kwako.

Basi tusimame kaunta tuangalie kazi zinavyoingia.

Anakuja mtu wa maombi ya ajira. Hapo kila kitu kinafanyika kwenye kivinjari. Firefox au Chrome ya kwenye Mint ni ileile ya kwenye Windows, dada wa kaunta hatahisi tofauti hata ya mbofyo mmoja. Anakuja wa kuskani cheti: hiyo inategemea skana yako, nitaifikia. Anakuja mzee wa barua ya kuomba kiwanja: LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word, itaichapa vizuri, itaihifadhi kama faili la Word, hakuna atakayejua. (Ukipenda, LibreOffice inaweza hata kukusemesha Kiswahili. Kazi hiyo ina historia hapa kwetu, maana mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, mtangulizi wake kwa Kiswahili. Ila nakushauri dada wa kaunta umwachie menyu za Kiingereza alizozizoea. Usimhamishe nyumba na lugha siku moja.)

Halafu anakuja mwanafunzi wa chuo na ripoti ya kurasa 80. Hapo ndipo penye miba. Ripoti ile imetengenezwa kwenye Word. Kurasa za mwanzo zina namba za Kirumi, sura ya kwanza inaanza upya na 1, kuna jedwali moja limelazwa, yaliyomo yanajitengeneza yenyewe, na pembeni kuna maoni ya msimamizi. Ukiifungua kwa LibreOffice inafunguka, lakini jedwali linaweza kusukuma mistari miwili, mistari miwili ikasukuma picha, picha ikaenda ukurasa wa pili, na yaliyomo yakawa yanasema uongo. Mwanafunzi ana saa moja kabla ya ofisi kufungwa. Fonti nazo zina mchango wake. Kama Times New Roman haimo kwenye mashine, LibreOffice inaweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zimepimwa upana uleule ili mistari isihame. Ya Calibri ipo pia, inaitwa Carlito. Kwa barua, hiyo inatosha kabisa. Kwa ripoti iliyobakiza saa moja, mimi nisingethubutu. Anayeleta PDF, mprintie popote, haihami hata nukta. Bandika tangazo ukutani kwamba mwenye PDF anahudumiwa kwanza, uone watakavyojifunza wenyewe.

Na kijana wa picha. Photoshop haina toleo la Linux. Ipo GIMP, ni ya bure, na picha ya pasipoti yenye mandhari ya bluu inaitoa bila shida, lakini mkono wake umezoea Photoshop na hesabu ya siku yako inategemea kasi ya mkono huo. (Photoshop yenyewe ilitoka wapi, sikuulizi.) Kompyuta hiyo ya mezani msiiguse. Ing'oeni tu kwenye intaneti: picha ziingie kwa waya kutoka kwenye kamera, zitoke kwa printa, na flashi ya mteja isichomekwe humo kamwe, hata akiwa padri.

Ndiyo maana nakataa neno "zote". Laptopu moja iende Mint, hiyo ndiyo ya maombi ya mtandaoni, barua, PDF na flashi za kila mpita njia. Ya pili ibaki Windows 10 Pro, ila ipigwe upya iliyo safi, iingizwe kwenye ule mwaka wa nyongeza, na ifanye kazi za Word zenye miba peke yake. Hiyo inakupa muda hadi Oktoba 2026. Siku utakapoongeza mashine nyingine iliyotumika, soma ile tarakimu kabla ya kutoa hela. 840 G5 yenye i5-8350U inapokea Windows 11 bila kulazimishwa. Muuzaji atakwambia "i5 ni i5". Mwache aseme.

Na ule wepesi anaousifia kijana, mwulize kwanza kama ndani kuna diski ya kuzunguka au SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Kama ni ya kuzunguka, basi sehemu kubwa ya uzito iko hapo, na SSD ya GB 256 itakufanyia zaidi ya mfumo wowote utakaoubadilisha. Waulize wote wawili, yeye na fundi. Atakayejibu bila kuiangalia mashine kwanza, usimwamini sana.

Nirudi kwa dada wa kaunta, kwa sababu naona kwenye barua yako anasikilizwa kidogo kuliko mpwa. Mwaka 2008 mimi nilikuwa kama huyo kijana. Nilikuwa na sidii ya Ubuntu iliyonijia kwa posta, bure, enzi zile walikuwa wanatuma dunia nzima. Nikaenda dukani kwa shemeji yangu anayeuza vipuri, nikafuta Windows yake siku ya Ijumaa, nikamwonyesha madirisha yanavyotikisika kama jeli, akacheka, nikapanda basi. Jumatatu modemu yake ya intaneti haikusoma, printa haikusoma, na mteja alikuwa amesimama anasubiri ankara. Shemeji aliandika ankara kwa mkono wiki nzima. Simu yangu aliacha kupokea mpaka Pasaka. Mfumo ulikuwa mzuri, mimi ndiye niliyesahau kuuliza kitu kimoja: Jumatatu saa mbili asubuhi, kikigoma, yupo nani?

Hilo ndilo swali la kumwuliza mwanao, kwa upole. Likizo ikiisha anarudi chuoni. Fundi wako Mint hataigusa, na ukimwita atakwambia dawa ni kupiga Windows. Kama kijana atapokea simu, na atamwandikia dada wa kaunta kwenye daftari la kawaida namna ya kuprinti, kuskani, kutoa flashi na kuunganisha Wi-Fi, basi mnaweza kuanza. Kama hawezi kuahidi, laptopu zote mbili zipigwe Windows 10 Pro safi, na hilo la Mint tulizungumze tena ikikaribia Oktoba.

Akikubali, asije Jumamosi. Jumamosi duka limejaa. Aje Jumapili jioni mmefunga, na asifute chochote. Mint inawaka kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kugusa diski. Faili lake ni karibu GB 3, alipakue huko chuoni asimalize bando lako. Achomeke, awashe laptopu huku akigonga F9, achague flashi. Aondoke kwenye kiti, akae dada wa kaunta. Aprinti kurasa mbili kwa printa yenu, askani kitambulisho, afungue ukurasa wa mikopo, achape barua fupi. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma flashi, mwambieni mapema asije akaitukana bure. Printa za HP na Epson mara nyingi zinakubali zenyewe, baadhi ya printa ndogo za leza za Canon zinaleta kiburi. Kama ya kwenu itagoma jioni hiyo, mmejua bila hasara: toeni flashi, zimeni, Windows yenu iko palepale. Kama itakubali, kwanza nakilini kila faili la duka kwenye diski ya nje, mwangalie kwamba zinafunguka, ndipo laptopu moja ifutwe.

Na kabla hamjafunga jioni hiyo, kama namba ya yule binti unayo, mpigie. Mwambie aje na flashi yake kama hajaifomati. Virusi vya shotikati kwa kawaida havifuti kazi ya mtu. Vinaificha, halafu vinaweka shotikati ya jina lilelile mbele yake. Mint haijali maficho hayo ya Windows. Akiichomeka ataona zile shotikati, na pembeni yake folda za kweli, pengine zote zimerundikwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Aingie humo. Dada wa kaunta amnakilie ripoti kwenye flashi mpya, aigeuze PDF, na kuprinti iwe juu yako.